Kabala na kuumbwa kwa ulimwengu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

"Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Wengi wetu tuliikariri sentensi hiyo tukiwa watoto. Wanazuoni wa elimu ya siri ya Kiyahudi waliichambua kwa Kiebrania chake, herufi kwa herufi, kizazi baada ya kizazi, wakaona ndani yake habari ambayo msomaji wa haraka haioni: Mungu aliyejibana ili kingine kipate nafasi, vyombo vilivyopasuka kwa wingi wa nuru, na kazi iliyobaki mikononi mwa binadamu. Yafuatayo ni maswali ninayoulizwa zaidi kila ninapolizungumza jambo hili, na majibu yake.

Kabala ni nini hasa?

Ni elimu ya siri ndani ya dini ya Kiyahudi, inayouliza Mungu asiye na mwisho alitokaje kwenye upweke wake hadi kukawa na ulimwengu wenye mawe, ng'ombe na watu. Neno lenyewe si geni kwa sikio la Mswahili. Shina lake la Kiebrania lina maana ya kupokea, na ndugu yake wa Kiarabu ndiye aliyetupa *kukubali*, *kabla* na *kibla*. Kabala ni kilichopokewa, elimu anayoipokea mwanafunzi kutoka kinywani mwa mwalimu.

Utakutana na ndugu wengine wa maneno yetu humu njiani. *Hokhma* ni hekima. *Berakha* ni baraka. *Shekhina*, uwepo wa Mungu unaokaa na watu, anachangia shina na maskani. *Gevura*, nguvu ya hukumu, ni jamaa wa Jabari, jina tunalompa mtoto wa kiume. Nayapenda maneno haya kwa sababu yanamwondolea msomaji wetu hofu kwamba anaingia nyumba asiyoijua hata mlango.

Je, Wayahudi wote wanaamini mambo haya?

Hapana. Mwanafalsafa wa Kiyahudi Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, aliueleza uumbaji kwa njia ya falsafa. Karne nyingi baadaye huko Sana'a, Yemeni, Rabi Yihya Qafih (1850–1931) aliipinga waziwazi Zohar, kitabu kikuu cha Kabala. Wapo pia mamilioni wanaosali kila Sabato kwa nyimbo zilizotungwa na Wakabala bila kuijua elimu yenyewe.

Kwa nini ilifanywa siri?

Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilika karibu na mwaka 200, inakataza kuifundisha habari ya uumbaji mbele ya wanafunzi wawili kwa pamoja. Awe mmoja tu. Inaongeza kwamba anayepekua vitu vinne, yaani kilicho juu, kilicho chini, kilichokuwa kabla na kitakachokuja baada, ingekuwa heri asingezaliwa.

Si ukali wa bure. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya walimu juu ya Mishna, inasimulia habari za wanazuoni wanne walioingia "bustani", yaani waliozama katika siri hizi. Ben Azzai alitazama akafa. Ben Zoma alitazama akarukwa na akili. Elisha ben Abuya alikata miche, maana yake aliiacha imani. Rabi Akiva peke yake aliingia kwa amani akatoka kwa amani. Huyo Ben Zoma alikutwa njiani akiwa amezama katika mawazo, akasema amekuwa akiyatazama maji ya juu na maji ya chini yaliyotenganishwa siku ya pili, na kwamba kati yake hapakuwa na zaidi ya upana wa vidole vitatu. Mwalimu wake akawaambia wanafunzi: Ben Zoma bado yuko nje. Kila ninapoisoma habari hii namwonea huruma Ben Zoma. Swali lake lilikuwa swali la mtoto yeyote anayetazama upeo wa bahari.

Kabla ya uumbaji kulikuwa na nini?

Kulikuwa na Ein Sof, maana yake "pasipo mwisho". Wakabala hawasemi Ein Sof ni mwema, wala ni mkali, wala ni mfalme, kwa sababu kila sifa ni mpaka. Hata Biblia, wanasema, haimtaji Ein Sof moja kwa moja. Mungu anayesema, anayekasirika na kusamehe katika kurasa za Torati ni Ein Sof kama anavyojidhihirisha kupitia sefiroti kumi (mojawapo huitwa sefira), yaani njia kumi za kudhihirika kwake: Keter (taji), Hokhma (hekima), Bina (ufahamu), Hesed (fadhili), Gevura (nguvu na hukumu), Tiferet (uzuri), Netzah (ushindi), Hod (fahari), Yesod (msingi) na Malkhut (ufalme).

Sefiroti si miungu kumi?

Swali hili huulizwa na Waislamu na Wakristo kwa pamoja, na liliulizwa na Wayahudi wenyewe tangu mwanzo. Jibu la kale limo katika Sefer Yetzira, Kitabu cha Uumbaji: sefiroti zimeshikamana na asili yake kama ulimi wa moto ulivyoshikamana na kaa. Jaribu kuuondoa ulimi wa moto uende nao pembeni, kaa ulibakishe jikoni. Haiwezekani. Moshe Cordovero (1522–1570), mwalimu mkubwa wa mji wa Safed huko Galilaya, alitumia mfano wa maji yaliyomiminwa katika vyombo vya rangi mbalimbali. Tunaona maji mekundu na maji ya kijani, ila maji ni yaleyale.

Kitabu hichohicho kinaonya: ni kumi na si tisa, ni kumi na si kumi na moja.

Herufi zinahusikaje na kuumba?

Karibu kila tendo katika sura ya kwanza ya Mwanzo linaanza na "Mungu akasema". Walimu wa Mishna walihesabu, wakafundisha kwamba ulimwengu uliumbwa kwa kauli kumi. Mwislamu atakumbuka hapa neno *Kun*, "Kuwa", katika Qurani. Wakabala walikwenda hatua moja zaidi. Kama uliumbwa kwa maneno, basi maneno yenyewe yameumbwa kwa nini? Kwa herufi. Herufi ndizo matofali.

Sefer Yetzira ni kitabu kifupi sana, na umri wake unabishaniwa, ingawa tayari mwaka 931 mwanazuoni Saadia Gaon alikiandikia ufafanuzi. Kinafundisha kwamba Mungu aliumba kwa njia 32 za hekima: sefiroti kumi na herufi 22 za Kiebrania. Herufi tatu ni mama: alefu ni hewa, memu ni maji, shini ni moto. Saba hutamkwa kwa namna mbili, nazo zinakwenda na sayari saba na siku saba za juma. Kumi na mbili zilizobaki zinakwenda na miezi na buruji. Ukizioanisha mbilimbili unapata milango 231. Kisha kinaleta hesabu ninayoipenda kuliko zote: mawe mawili hujenga nyumba mbili, mawe matatu nyumba sita, manne nyumba 24, matano nyumba 120, sita nyumba 720, saba nyumba 5,040, baada ya hapo nenda ukahesabu kile ambacho kinywa hakiwezi kukisema wala sikio kukisikia. Mawe ni herufi na nyumba ni maneno. Kwa herufi chache hivi unaweza kutamka kila kilichopo na kila kitakachokuwapo.

Mbona Torati inaanza na herufi ya pili?

Neno la kwanza la Torati ni *Bereshit*, linaloanza na beti, si alefu. Midrashi ya kale, yaani mafafanuzi ya walimu juu ya Biblia, inasema beti imezibwa juu, chini na nyuma, ikaachwa wazi upande wa mbele tu, kule maandishi yanakoelekea. Umbo lake ni onyo: usiulize kilichopo juu, chini wala nyuma ya mwanzo. Soma kuanzia hapa.

Zohar inalisimulia jambo hili kwa utamu zaidi. Mungu alipotaka kuumba, herufi zilimjia kuanzia ya mwisho kurudi nyuma, kila moja ikiomba ulimwengu uanze nayo. Tavu ikasema: mimi ni mwisho wa neno *emet*, ukweli. Ikajibiwa kwamba ni mwisho pia wa *mavet*, ambayo ni mauti yetu. Shini ikakataliwa kwa kuwa imo katika neno la uongo. Zikapita hivyo moja baada ya nyingine, hadi beti iliposema kwamba kwayo huanza *berakha*, baraka, ikakubaliwa. Alefu ilikuwa imesimama kando bila kuingia. Ilipoulizwa kwa nini, ikajibu kwamba zawadi imeshatolewa kwa beti, na haipendezi mfalme kumnyang'anya mtumishi wake alichompa. Mungu akaiahidi kuwa kichwa cha herufi zote, na kwamba umoja wake hautatajwa ila kwayo. Alefu ni moja.

Zohar inaisomaje ile sentensi ya kwanza?

Zohar iliandikwa kwa Kiaramu, ikatokea Castilia, Hispania, mwishoni mwa karne ya 13, kwa mkono wa Moshe de León, aliyefariki mwaka 1305. Mapokeo yanaihusisha na Rabi Shimon bar Yohai wa karne ya 2. Gershom Scholem (1897–1982), aliyeifanya Kabala kuwa somo la chuo kikuu, alishikilia kwamba de León ndiye mtunzi, na wapo wataalamu wa baada yake wanaoona kazi ya kundi zima la waandishi.

Kiebrania kinasema *Bereshit bara Elohim*. Kitenzi *bara*, "aliumba", kiko katikati, na kiambishi *be* kinaweza kuwa "katika" au "kwa". Isitoshe, Zaburi ya 111 inaunganisha *reshit*, mwanzo, na hekima. Basi Zohar inasoma hivi: kwa Mwanzo, yaani kwa Hekima, yule asiyetajwa alimtokeza Elohim. Mtenda hayumo katika sentensi. Amejificha, kwa kuwa ni Ein Sof, na jina Elohim hapa ni sefira ya Bina, tumbo la mama ambamo kila kitu kinachukuliwa mimba. Msomaji wa Kiswahili atashangaa, na ana haki ya kushangaa. Lakini angalia ujasiri wake: sentensi tuliyodhani inaanza na Mungu kuumba mbingu, kwao inaanza na Mungu kutoka katika maficho yake. Mbingu na nchi zinafuata baadaye.

Je, aliumba pasipo kitu?

Ndiyo, lakini Wakabala wa Gerona, Hispania, katika karne ya 13 waliigeuza maana. *Ayin*, "pasipo kitu", likawa jina la Keter, sefira ya juu kabisa: hatua ya Uungu ambayo akili haiwezi kuishika, kwa hiyo kwetu ni kama haipo. Ulimwengu umetoka katika Pasipo-kitu hiyo, kwa maneno mengine umetoka kwa Mungu.

Tsimtsumu ni nini?

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo ningependa msomaji atulie.

Isaac Luria alizaliwa Jerusalem mwaka 1534, akakulia Misri, akafika Safed mwaka 1570. Alifundisha huko miaka miwili tu. Tauni ilimchukua mwaka 1572 akiwa na miaka 38. Hakuandika karibu chochote zaidi ya nyimbo chache za meza ya Sabato. Tunayoyajua tunayajua hasa kupitia mwanafunzi wake Hayyim Vital (1542–1620).

Luria aliuliza swali ambalo ukishalisikia huwezi kulisahau. Kama Ein Sof amejaa kila mahali, ulimwengu ungewekwa wapi? Hakuna pembe isiyokuwa yeye. Jibu lake: tendo la kwanza la Mungu halikuwa kutoa bali kurudi ndani. Alijibana, na huko kujibana ndiko tsimtsumu. Alijiondoa kutoka nukta ya katikati kuelekea pande zote kwa usawa, ikabaki nafasi tupu ya mviringo, na ndani ya nafasi hiyo yakabaki mabaki hafifu ya nuru, kama harufu ya mafuta inavyobaki kwenye chupa iliyomwagwa. Kisha uzi mmoja mwembamba wa nuru ukashuka kuingia humo, na kwa uzi huo vyote vikaanza kuwa.

Walimu wa zamani walikwisha kulitumia neno tsimtsumu, lakini kinyume: walisema Mungu alijibana *kuingia* mahali padogo, kati ya miti miwili ya kubebea sanduku la agano. Luria akasema alijibana *kutoka* mahali. Scholem aliuona humo uchungu wa kufukuzwa kwa Wayahudi Hispania mwaka 1492: watu waliohamishwa wakamwona Mungu naye akienda uhamishoni. Wapo wataalamu wanaompinga, akiwamo Moshe Idel, wakionyesha kwamba mawazo ya namna hii yalikuwapo kabla ya msiba huo. Nami naona hoja ya pili ina nguvu zaidi, ingawa sishangai kwamba wakimbizi na wajukuu wao waliyapokea kwa kiu kama ile.

Je, Mungu aliondoka kweli, au ni lugha ya mfano?

Wakabala wamegawanyika. Katika karne ya 18 huko Italia, Immanuel Hai Ricchi alishikilia maana ya neno kwa neno, na Joseph Ergas akasema ni mfano, kwani Mungu hana mwili wa kujikunja. Wahasidi, wafuasi wa harakati ya uchaji iliyoanza Ulaya Mashariki katika karne hiyohiyo, wakashika upande wa mfano na kuupeleka mbali. Shneur Zalman wa Liadi (1745–1812) alifundisha kwamba Mungu hakuondoka popote. Alijifunika tu machoni petu. Akifuata mafundisho ya Baal Shem Tov, mwanzilishi wa harakati hiyo, aliusoma mstari wa Zaburi ya 119 unaosema kwamba neno la Mungu limesimama mbinguni milele, akaeleza: zile kauli kumi bado zinatamkwa. Herufi zikiondoka kwa kitambo kidogo tu, mbingu zitarudi kuwa si kitu, na jiwe ulilolikalia pia.

Vyombo vilivunjikaje?

Nuru iliyoshuka ilihitaji vyombo vya kuipokea. Vyombo vya sefiroti tatu za juu vilistahimili. Vile saba vya chini havikuweza, vikapasuka. Nuru iliyo nyingi ikarudi juu, lakini cheche 288 zilianguka pamoja na vigae, na huko chini zikazingirwa na maganda, *kelipot*. Hapo ndipo Kabala ya Luria inapoweka chanzo cha uovu. Giza halina uhai wake lenyewe. Linaishi kwa cheche iliyonaswa ndani yake.

Namba 288 imetoka wapi? Kutoka mstari wa pili wa Biblia, kwa hesabu inayoipa kila herufi namba yake, ambayo watu wa pwani wanaojua abjadi wataitambua mara moja. Mahali ambapo Biblia yetu inasema Roho ya Mungu "ikatulia" juu ya uso wa maji, Kiebrania kina neno *merahefet*, lenye herufi tano. Chukua ya kwanza na ya mwisho, memu na tavu, unapata *met*, "amekufa". Zilizobaki katikati ni resh, het na pe: 200, 8 na 80. Jumla 288. Ndani ya neno moja Wakabala walisoma kifo cha vyombo na cheche zilizobaki humo.

Walipata ushahidi mwingine mahali ambapo hakuna anayetazama: orodha ya wafalme wa Edomu katika Mwanzo 36. Kila mfalme anatawala kisha anakufa, isipokuwa wa nane, Hadari. Yeye kifo chake hakitajwi, na ndiye peke yake aliyetajwa pamoja na mkewe. Wale waliokufa wakawa vyombo vilivyovunjika kwa kuwa kila kimoja kilitaka kutawala peke yake. Hadari na mkewe wakawa mwanzo wa matengenezo.

Binadamu anaingia wapi?

Kwenye hayo matengenezo, *tikuni*. Sefiroti zilipangwa upya zishirikiane, na ulimwengu ukashuka kwa ngazi nne: Atzilut, Beria, Yetzira na Asia, hii ya mwisho ikiwa ulimwengu wa kutenda, na haina uhusiano wowote na bara. Adamu angeikamilisha kazi siku ya sita. Alipokosa, cheche zikaanguka tena, na kuziinua kukawa kazi ya wazao wake.

Kazi hiyo inafanyika katika mambo madogo. Mtu akiubariki mkate kabla ya kuula, cheche iliyomo kwenye ngano inapanda. Akifanya biashara kwa haki, vivyo hivyo. Wakabala wa Safed walikuwa wakitoka kwenda mashambani Ijumaa jioni kumpokea Sabato kama bibi harusi, na wimbo *Lekha Dodi* wa Shlomo Alkabetz, mtu wa mji huohuo, unaimbwa mpaka leo katika masinagogi ya dunia nzima.

Dunia ina miaka elfu tano tu?

Kalenda ya Kiyahudi huhesabu tangu uumbaji, na Oktoba 2024 uliingia mwaka 5785. Lakini ndani ya Kabala kulikuwa na fundisho kwamba ulimwengu hupita katika mizunguko ya miaka 7,000, saba kwa jumla, na midrashi ya kale tayari ilisema Mungu aliumba malimwengu akayabomoa kabla ya huu wetu. Luria hakulikubali fundisho la mizunguko kama lilivyo. Wapo wanaolitumia leo kuthibitisha mlipuko mkuu wa wanafizikia. Nawasihi waache. Ile nukta ya Luria haikupimwa kwa darubini, na inaeleza jambo jingine kabisa.

Tsimtsumu tuiiteje kwa Kiswahili?

Nimetumia "kujibana" kote humu kwa sababu ndiyo maana iliyo karibu zaidi na Kiebrania. "Kujikunja" kunaleta picha ya mwili, na "kujificha" kunawapa ushindi Wahasidi kabla mjadala haujaanza. Kwa muda mrefu nimekuwa nikilipima neno jingine, *kupisha*. Unaingia mahali pamejaa, unasema "naomba nipishe", na aliyekuwapo kabla yako anasogea. Kujibana kunasema alichofanya Mungu. Kupisha kunasema alikifanya kwa ajili ya nani, na hilo Kiebrania chenyewe hakilisemi ndani ya neno moja.